Nuru Isiyomuunguza Anayetazamwa: Uteuzi wa Rangi katika Hadubini ya Fotoni Mbili

Ni desturi ya binadamu kudhani kwamba kutazama hakumdhuru anayetazamwa. Katika maabara za baiolojia, dhana hiyo haina mashiko. Seli iliyo hai ikimulikwa kwa nuru kali kwa muda mrefu huumia: joto hupanda, kemikali haribifu huzaliwa ndani yake, na aghalabu hufa mbele ya macho ya yule aliyetaka kuujua uhai wake. Mtafiti anayechunguza ubongo wa panya aliye hai hukabiliwa na tatizo hili kila anapoketi kazini. Kabla hajaona chochote, sharti ajibu maswali mawili: atatumia rangi gani kuzing'arisha seli, na ataisisimua rangi hiyo kwa nuru yenye urefu gani wa wimbi? Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika shamba hili methali hiyo haifai, kwani asiyelichagua jembe lake kwa makini huikata mizizi ya kile alichokuja kukipalilia.

Yafaa kwanza kueleza rangi inayozungumziwa. Rangi ya kitenge au ya ukuta huakisi sehemu ya nuru inayoiangukia. Rangi za hadubini hii zina tabia nyingine: humeza nuru ya aina moja, kisha hutoa nuru ya aina nyingine. Jambo hili si geni kwa yeyote aliyemwona keshia akipitisha noti chini ya taa ya urujuanimno ili kuitambua noti bandia. Nuru ya taa hiyo haionekani vyema kwa jicho, lakini alama zilizofichwa ndani ya karatasi huimeza, zikang'aa kwa rangi zinazoonekana. Molekuli iliyomeza chembe ya nuru, yaani fotoni, husemekana kuwa imesisimuliwa. Baada ya nanosekunde chache hutulia, na katika kutulia kwake huitoa fotoni yake yenyewe. Kwa kawaida fotoni inayotoka huwa na nishati pungufu kuliko ile iliyoingia, kwa sababu sehemu ya nishati hupotea njiani kama joto. Ndiyo maana urujuanimno huingia, nayo buluu au kijani ikatoka.

Mtu wa kwanza kueleza kinadharia kwamba mpangilio huu ungeweza kupinduliwa alikuwa mwanafizikia Maria Göppert-Mayer. Aliyafanya hayo katika tasnifu yake ya uzamifu huko Göttingen, Ujerumani, chini ya Max Born, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka wa 1931. Hoja yake ilikuwa kwamba molekuli inaweza kumeza fotoni mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikileta takriban nusu ya nishati inayohitajika. Tukio hilo ni adimu mno. Fotoni ya kwanza haisubiri. Ya pili isipofika ndani ya sehemu ndogo ya femtosekunde moja, nafasi imepotea. Hapakuwa na taa yoyote duniani wakati huo yenye nuru ya kutosha kulithibitisha wazo hilo.

Maisha ya mwanamke huyu nayo yalikuwa ya kusubiri. Alihamia Marekani mwaka wa 1930 pamoja na mumewe, Joseph Mayer, na kwa miaka mingi akafanya utafiti katika vyuo vilivyomwajiri mumewe huku yeye mwenyewe akinyimwa kazi ya uprofesa yenye mshahara kamili. Kanuni za kuzuia kuajiri jamaa za walimu zilikuwa miongoni mwa visingizio. Uprofesa wa mshahara kamili aliupata mwaka wa 1960, huko San Diego. Mwaka huo huo leza ya kwanza ilifanya kazi. Mwaka wa 1961 Wolfgang Kaiser na C. G. B. Garrett waliielekeza nuru nyekundu ya leza kwenye fuwele, nayo fuwele ikatoa nuru ya buluu. Utabiri wa tasnifu ukawa kweli baada ya miaka 30. Göppert-Mayer alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1963, ingawa ilikuwa kwa kazi nyingine, ile ya muundo wa kiini cha atomu. Kwa heshima yake, kipimo cha uwezo wa molekuli kumeza fotoni mbili kwa pamoja huitwa GM. Ni kipimo kidogo ajabu: kikiandikwa kwa desimali, huwa na sufuri 49 baada ya nukta kabla ya tarakimu 1 kutokea.

Mwaka wa 1990 Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell waliugeuza utabiri huo kuwa hadubini. Siri yake imo katika leza inayotoa nuru kwa mapigo mafupi. Leza ya kawaida ya kazi hii hupiga takriban mara milioni 80 kwa sekunde, na kila pigo hudumu femtosekunde 100 hivi. Msomaji akizidisha tarakimu hizo ataona kwamba katika sekunde nzima, nuru huwaka kwa jumla ya mikrosekunde 8 tu. Muda uliosalia ni giza. Fotoni zote husongamana ndani ya mapigo hayo, na hapo uwezekano wa mbili kuifikia molekuli moja kwa pamoja huongezeka sana. Nje ya kitovu cha lenzi msongamano hupungua, na kwa kuwa umezaji wa fotoni mbili hufuata mraba wa ukali wa nuru, rangi iliyo juu na chini ya kitovu haisisimuki. Ni nukta moja tu inayong'aa ndani ya tishu, na nukta hiyo husogezwa hatua kwa hatua hadi picha ikamilike. Isitoshe, nuru inayotumika ni ya upande wa infraredi, ambayo hutawanywa na tishu kwa kiasi kidogo kuliko nuru ya buluu. Kwa njia hii mtafiti huweza kuona mamia ya mikromita ndani ya ubongo usiopasuliwa vipande.

Hapa ndipo mteuzi wa rangi hukutana na kishawishi cha kwanza. Iwapo fotoni mbili hugawana kazi ya moja, basi ingetosha kuchukua urefu wa wimbi unaoisisimua rangi kwa njia ya kawaida na kuuzidisha kwa 2. Kanuni hii ni rahisi, inapendeza, na mara nyingine husema kweli. Rangi ya DAPI, inayong'arisha DNA, husisimuliwa kwa kawaida na nuru ya nanomita 358 hivi. Ukizidisha unapata 716, na kweli nuru ya nanomita mia saba na ushei huifaa. Lakini flureseni, rangi ya kijani inayotumiwa sana, hupenda nuru ya takriban nanomita 490. Kanuni ingemtuma mtafiti kwenye nanomita 980, ilhali vipimo vilivyofanywa huonyesha kwamba rangi hiyo huitikia kwa nguvu zaidi karibu na 780. Rodamini B, inayosisimuliwa na nuru ya takriban 550, haimsubiri mtu kwenye 1100. Ina mwitikio mkubwa karibu na 840. Protini ya kijani iitwayo EGFP, ambayo asili yake ni kiwavuwavu wa baharini, hupendelea 488, na watafiti huisisimua kwa nuru ya takriban 920 badala ya 976.

Sababu ya tofauti hizi ni kwamba molekuli ina hali nyingi za msisimko, na sheria za kuziingia si zile zile. Mlango ulio wazi kwa fotoni moja waweza kuwa umefungwa kwa jozi ya fotoni, hasa molekuli inapokaribia kuwa na ulinganifu kamili pande zote za kitovu chake. Mlango mwingine wa juu zaidi, ambao fotoni moja haiwezi kuupita, huwa wazi kwa jozi. Kwa sababu hiyo vilele vya msisimko wa fotoni mbili mara nyingi huangukia kwenye mawimbi mafupi kuliko yale ambayo hesabu ya kuzidisha ingetabiri. Jawabu la kuaminika halitoki katika hesabu ya kichwani. Hutokana na jedwali za watu waliopima rangi moja baada ya nyingine, kazi ambayo Chris Xu na Watt Webb waliitangulia katika miaka ya 1990, na hutokana pia na majaribio ya mtafiti mwenyewe kwenye mashine yake.

Hata baada ya kukipata kilele, kazi haijakwisha, kwa maana rangi inayong'aa zaidi huenda isiwe ndiyo inayofaa zaidi. Leza nyingi za titani na safaya hutoa nuru kuanzia takriban nanomita 700 hadi kupita 1000 kidogo. Rangi iliyo bora nje ya mipaka hiyo ni sawa na embe lililo juu ya mti usiopandika. Kwenye mawimbi mafupi, kemikali za asili za seli, kama vile NADH, nazo husisimuka na kung'aa, zikachanganya picha. Kwenye mawimbi marefu maji huanza kuinyonya nuru, na kilele kimojawapo cha unyonyaji huo kiko karibu na nanomita 970. Aliyeifuata kanuni ya kuzidisha kwa ajili ya flureseni angepata mng'ao hafifu na pia angeipasha tishu joto lisilo na faida.

Mtu akiona picha yake ni hafifu, tamaa humsukuma kuongeza nguvu ya leza. Nguvu ikiongezwa mara 2, mng'ao huongezeka mara 4, na kwa dakika chache mambo huonekana kuwa mazuri. Hata hivyo, majaribio yamebainisha kwamba kufifia kwa rangi katika msisimko wa fotoni mbili huweza kuongezeka kwa kasi kubwa kuliko huo mraba. Yaani uharibifu huutangulia mng'ao. Mtafiti mwenye busara huanza kwa kutafuta rangi inayomeza fotoni mbili vizuri na kurudisha sehemu kubwa ya nishati hiyo kama nuru, ndipo aweze kutumia nguvu ndogo. Akihitaji rangi mbili au tatu kwa pamoja, huangalia kama wimbi moja litazisisimua zote. Upana wa mwitikio wa fotoni mbili humsaidia hapa: nuru ya karibu na 780 huweza kuing'arisha DAPI kwa buluu na flureseni kwa kijani kwa wakati mmoja, kisha vichujio vikazitenganisha.

Lipo suala jingine lililo zito kuliko yote. Rangi yenyewe ni kemikali, na kemikali ina athari. Mwaka wa 2004 ilionyeshwa kwamba rangi nyekundu iitwayo sulforodamini 101 huingia katika astrosaiti, seli zinazozitunza nyuroni, ndani ya ubongo wa mnyama aliye hai. Maabara nyingi ziliipokea kwa furaha, kwa kuwa ilikuwa rahisi kutumia na iling'aa vizuri. Mwaka wa 2010 ikaripotiwa kwamba rangi hiyo hiyo huweza kuzifanya nyuroni kuwa nyepesi zaidi kusisimka. Katika viwango fulani, kile kilichotiwa ili kuonyesha utulivu wa ubongo kilikuwa kinauvuruga. Picha zilikuwa safi. Kilichotiliwa shaka ni kama zilionyesha ubongo ulivyo au ubongo ulivyo baada ya kutiwa rangi.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuitambua hali hii. Mhakiki naye huiendea matini akiwa na nadharia, na nadharia hung'arisha baadhi ya mambo na kuyaacha mengine gizani. Anayesoma riwaya kwa jicho la utabaka huwaona wafanyakazi na waajiri waziwazi. Huenda asiione hofu ya mtoto aliye nyuma ya mlango. Hilo si kosa la nadharia, kama ambavyo si kosa la flureseni kutoonyesha kila seli. Tatizo huzuka pale mhakiki anapodhani kwamba kisichong'aa hakipo, au anapoisukuma nadharia kwa nguvu hadi hadithi ikapoteza uhai wake.

Wanasayansi wamejiwekea utaratibu wa kujikinga, na ni utaratibu mnyenyekevu. Huanza na swali wanalotaka kulijibu, si na rangi iliyopo kabatini. Huangalia vipimo vilivyochapishwa, kisha hupitisha leza kwenye mawimbi kadhaa kwa sampuli yao wenyewe. Hutumia nguvu ndogo kabisa inayotosha. Mwishowe humtazama mnyama ambaye hakutiwa rangi yoyote, chini ya nuru ile ile na kwa muda ule ule, ili wajue ni kiasi gani cha mng'ao kilikuwa chake tangu awali. Picha ya mnyama huyo huwa karibu nyeusi tupu. Nayo huhifadhiwa kwa uangalifu ule ule unaopewa zile zilizong'aa.