Ung'ongo na Nyoka: Mwaka Nilioigiza Majeruhi

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii niliifundisha kwa miaka mitatu katika shule ya upili kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu jambo lile lile: kwamba inatuasa tuwe na tahadhari. Wakayanakili maelezo hayo, nami nikawatilia alama ya vema. Leo naona haya kidogo. Methali yenyewe haituasi chochote. Inaeleza tu hali ya mtu: nyoka hayupo, ung'ongo upo, na mshtuko ni wa kweli. Maana hiyo ilinifunukia Jumamosi moja ya Machi 2023, nilipolipwa shilingi 1,000 ili nilale chali kando ya gamba la matatu na kupiga mayowe. Yaani, nililipwa kuwa ung'ongo.

Kazi hiyo niliipata kupitia kikundi chetu cha tamthilia. Kundi moja la kujitolea katika mji wa nyumbani lilikuwa likiwafunza watoa huduma za dharura: wazimamoto, wahudumu wa ambulensi na vijana wa bodaboda ambao, kama ajuavyo kila msafiri, ndio aghalabu hufika wa kwanza penye ajali. Walihitaji watu wanaojua kuigiza. Nilipakwa rangi ya chakula iliyokorogwa na sharubati nzito, nikafungwa mguuni kipande cha mpira kilichochongwa kikafanana na jeraha, kisha nikaambiwa nilie bila kukoma na nimshike shati yeyote atakayenikaribia. Nikajisemea kwamba haya yote ni maleba tu, na kwamba mhusika wangu hata jina hana.

Aliyenijia alikuwa zimamoto wa umri wa miaka ishirini na kitu. Alipiga magoti, akafungua mkoba, akatoa bendeji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilimwona akiitazama bendeji ile kana kwamba ni kitu alichookota njiani. Vidole vilitetemeka. Nikazidisha mayowe kama nilivyoagizwa, naye akazidi kuganda. Wiki iliyotangulia, niliambiwa baadaye, kijana huyu alikuwa amefunga bendeji kama hiyo darasani bila kosa hata moja.

Mkufunzi alikuwa muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Sista. Hakumkemea. Alipuliza filimbi, mayowe yakakoma, akachutama kando yake na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unaona nini? Unasikia nini? Mikono yako iko wapi?" Akamwelekeza avute pumzi huku akihesabu hadi nne, aishike kwa hesabu hiyo hiyo, aitoe, kisha atulie kabla ya kuvuta nyingine. Baadaye tukalirudia tukio lile lile, nami nikalia upya. Mara ya tatu alinifunga mguu huku akizungumza nami. Sauti yake bado ilikuwa na mikwaruzo, lakini mikono ilimtii.

Niliporudi chuoni sikutulia mpaka nilipoyatafuta maandishi kuhusu jambo lile. Niligundua kwamba lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwanasaikolojia Donald Meichenbaum, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliasisi katika miaka ya 1970 mbinu aliyoifananisha na chanjo. Kwanza mtu huelezwa namna mwili unavyofanya unapotishwa: moyo hudunda, damu hukimbilia misuli mikubwa, vidole hupoteza wepesi, na macho huona kana kwamba mtu anachungulia kupitia mwanzi. Pili, hufunzwa stadi za kukabiliana na hali hiyo, kama vile kupumua kwa hesabu na kujisemesha maneno ya kumwongoza. Tatu, hupewa hofu kwa vipimo, kidogo kisha zaidi, ili azitumie stadi hizo hofu ikiwepo. Bila hatua mbili za kwanza, hatua ya tatu si chanjo. Ni kumwambukiza mtu ugonjwa.

Kilichonivutia zaidi, kama mwanafunzi wa fasihi, kilitoka Marekani. Katika miaka ya 1990 watafiti mjini Atlanta waliwavisha wanajeshi waliopigana Vietnam kofia zenye vioo mbele ya macho, wakawarudisha ndani ya helikopta na katika uwanda wenye msitu pembeni, vyote vikiwa vimechorwa na kompyuta. Katikati ya miaka ya 2000, Albert Rizzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitengeneza Iraki ya namna hiyo, yenye barabara za jangwani na masoko, sakafu inayotikisika, na hata harufu ya mpira unaoungua. Tabibu huketi kando na kuamua ni kishindo kipi kije na lini. Hayo yalikuwa matibabu ya waliokwisha kuumwa na nyoka. Baadaye chuo hicho kiliunda mfululizo uitwao STRIVE kwa ajili ya wanajeshi ambao bado hawajaenda vitani. Mwanajeshi huishi ndani ya kisa kama mmoja wa kikosi. Jambo zito linapotokea, hadithi husimama, mhusika mmoja hujitokeza na kumweleza kinachotendeka mwilini na moyoni mwake, na namna ya kukikabili.

Mpenzi msomaji, je, huyo si fanani? Si ndiye mtambaji wetu anayekatiza ngano pale zimwi linapobisha hodi, akawageukia watoto na kuwauliza wangefanya nini? Sidai kwamba bibi zetu walikuwa wanasaikolojia. Madai ya aina hiyo yamejaa katika tasnifu zetu na mengine hayana mashiko. Nasema tu kwamba umbo hilo nililitambua mara moja, na kwamba palipo na kiini cha mafunzo si pale zimwi linapoingia bali pale hadithi inaposimama.

Sista aliposikia kwamba nasomea Kiswahili, alinikabidhi mwongozo wa mafunzo uliokuwa kwa Kiingereza. Wanabodaboda walikuwa wakiusikiliza kwa adabu na kutoka na vipande viwili vitatu. Nikaanza kuutafsiri kwa majivuno ya msomi, na neno la kwanza likaniangusha. Tangu kidato cha kwanza nimefunzwa kwamba taharuki ni sifa ya kazi nzuri: ni ile hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Nimewahi hata kuandika sura nzima kuisifu. Kumbe kwa mtu aliyepiga magoti mbele ya mguu unaovuja damu, taharuki ndiye adui mwenyewe. Neno moja, shughuli mbili, nami sikuwahi kuona kwamba ile ya darasani imekopwa kutoka kwa ile ya barabarani.

Sehemu iliyonitesa kuliko zote ni ile ya mazungumzo yanayofuata zoezi, pale washiriki wanapoketi na kusimulia kilichowapitia. Niliandika "tathmini", wakakakamaa kana kwamba wanasubiri matokeo ya mtihani. Nikabadilisha nikaandika "mahojiano". Mwanabodaboda mmoja akaniuliza kama polisi watakuwepo. Mwishowe wao wenyewe ndio waliolitatua suala hilo. Zoezi lilipokwisha walikuwa wakiambiana, "Haya, tukapakue," kama wapakuavyo magunia ya mahindi. Nikafuta istilahi zangu zote na kuandika kupakua.

Sasa nifike kwa kaka yangu, ambaye ndiye sababu ya makala haya.

Kaka alihudumu Somalia baada ya majeshi yetu kuvuka mpaka Oktoba 2011. Sasa ni mstaafu, analima na kufuga nyumbani kwa wazazi. Si mlevi wala si mgomvi. Ila hapandi matatu. Akiwa na haja mjini hutembea, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, na ukimwuliza husema anapenda mazoezi. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, fataki zinapolia kule sokoni, yeye hulala zizini na ng'ombe. Mama hulizungumzia jambo hilo kama mtu azungumziaye mvua.

Basi mimi, niliyekwisha kusoma ya Meichenbaum na ya Rizzo, nikaona nimepata dawa. Mwezi Juni nilimwambia, "Njoo Jumamosi unione nikiigiza." Sikusema zaidi. Moyoni nilitumaini kwamba akiwaona vijana wale wakishinda woga wao, kitu fulani kingemfungukia. Alikuja, amevaa shati la kanisani, akasimama miongoni mwa watazamaji. Siku hiyo zoezi lilikuwa la mlipuko wa tangi la mafuta. Saa nne na nusu wasaidizi wakapasua neli za matairi na kugonga pipa tupu, moshi ukatoka, nasi tukaanza kulia.

Nilimwona kabla ya wengine kumwona. Alikuwa chini, ndani ya mtaro, amemlalia mtoto wa watu asiyemjua, amemfunika kichwa kwa mikono yake. Mtoto alikuwa akilia kwa kukandamizwa. Watazamaji wachache walicheka, wakidhani ni mmoja wetu. Kaka aliinua kichwa, akatazama, akaona damu ya sharubati na watu wanaocheka. Akamwinua mtoto, akamfuta vumbi magotini, akaondoka kwa miguu. Kwa wiki tatu hakunisemesha.

Sista aliniita kando jioni hiyo. "Hapa kila anayeingia huambiwa kitakachotokea na namna ya kujitoa," alisema. "Je, wewe ulimwambia?" Sikuwa na jibu. Nilikumbuka tarehe 30 Novemba 2015, ambapo chuo kikuu kimoja jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio. Ilikuwa miezi minane tu baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Risasi zilipolia, wengi waliamini ni kweli, wengine wakaruka kutoka madirishani. Watu walijeruhiwa na mfanyakazi mmoja akafariki. Wakati ule mimi, kama wanafunzi wengine, nilighadhabika na kuuliza ni mtu gani awezaye kufanya jambo kama hilo. Sasa nilimjua mmoja. Alikuwa na nia njema na kadi ya maktaba.

Nilikwenda kumwomba kaka msamaha alipokuwa akikama. Alikamua mpaka ndoo ikajaa ndipo akanena. "Mwalimu," ndivyo anavyoniita, "kishindo si neno. Vishindo nimevisikia. Kilichoniuma ni kwamba pale uwanjani kila mtu alijua isipokuwa mimi." Kisha, baada ya kimya: "Kazini tulifanya mazoezi ya kila kitu. Kuvuka mto, kuingia nyumba, kubeba aliyeumia. Siku ya kurudi nyumbani sikuwahi kuifanyia mazoezi."

Nilimsimulia kwamba chuo kile kile cha California kilitengeneza pia mhojaji wa kompyuta kwa ajili ya wanajeshi wastaafu wanaotafuta kazi, na kwamba mstaafu anaweza kuchagua ahojiwe na mpole au na mkali, akarudia hata mara kumi bila mtu kumcheka. Alicheka yeye. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu Juni. Akauliza kama kuna matatu ya namna hiyo.

Ya kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na ya binamu yetu, iliyoharibika injini na kuegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta. Sista alikubali kuja. Alikutana naye kwanza mara tatu bila mimi, na waliyozungumza siyajui. Kisha tukaanza. Kaka ndiye aliyepanga kila kitu: aketi kiti gani, mlango ubamizwe mara ngapi, nani aigize utingo. Akiinua mkono, kila mtu ashuke. Siku ya kwanza mlango ulibaki wazi na bado aliinua mkono baada ya dakika nne. Siku ya sita tulijaa watu kumi na wanne humo ndani, utingo akibamiza bati na kuita abiria, na mkono haukuinuka. Niliona midomo yake ikihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Tuliposhuka tuliketi chini ya mti tukapakua.

Sitaki kumpotosha msomaji. Matatu ile haikutembea hata hatua moja, na mkesha wa mwaka mpya uliofuata kaka alilala tena zizini. Mwezi Februari alipanda matatu ya kweli hadi mjini, akaketi karibu na mlango, akarudi kwa miguu. Mwezi Aprili alikwenda na kurudi.

Katika mazoezi ya kundi letu sasa ana kazi moja, nayo aliichagua mwenyewe. Husimama langoni na kuzungumza na kila anayeingia, awe mshiriki, mtazamaji au mchuuzi wa karanga. Nilimpa mwongozo wangu aupitie, ule niliousanifu kwa jasho. Kwenye ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika: "Washiriki hawana budi kuarifiwa mapema kuhusu vichocheo vya kisauti vitakavyotumika." Aliipiga mstari sentensi hiyo. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, aliandika: "Waambie kutakuwa na kishindo. Waambie ni saa ngapi. Waonyeshe njia ya kutokea."