Wapeni Viti Hao Watu wa Duka

Leo niko na hasira kidogo, nivumilieni.

Ukiingia duka la nguo ama la simu hapa town, hesabu viti. Cha bosi utakiona. Cha yule dada anakwambia "karibu kastoma" tangu saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni hutakiona. Ukimwuliza, atakwambia hapa ukikaa unaonekana mvivu.

Sasa hiyo kusimama siku nzima ina bei yake, na bei inalipwa na miguu. Wengi wenye wamefanya hizo kazi miaka mingi wako na mishipa imevimba kwa vigimbi, imejipinda kama mizizi ya mti imetokea juu ya ardhi. Daktari anaita varikosi.

Inakuwaje? Damu ikifika miguuni lazima ipande tena irudi kwa moyo. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinaitwa valvu: damu ikipanda vinafunguka, ikitaka kurudi chini vinajifunga. Kazi ya kuisukuma inafanywa na msuli wa kigimbi, kila ukipiga hatua. Ukisimama pahali pamoja, hiyo pampu umeizima. Damu inajaa chini, mshipa unapanuka, vilango havifikiani tena, damu nyingine inarudi chini. Ni kweli hata kurithi, mimba, umri na uzito huchangia. Lakini kama tayari uko na hizo, kunyimwa kiti ni kuongezewa mzigo.

Na msiniambie ni mambo ya urembo tu. Inaanza na miguu mizito jioni, kuwashwa, na vifundo kufura. Ikiachwa, ngozi karibu na kifundo inaweza kuwa nyeusi na ngumu, halafu kidonda kinatokea chenye kinakaa miezi bila kupona. Damu pia inaweza kuganda. Mguu mmoja ukifura ghafla na kuuma, nenda hosi siku hiyo hiyo. Ukianza kukosa pumzi ama kifua kiume, hiyo ni dharura.

Nilipoacha chuo niliuza viatu kwa duka moja. Tulikuwa na mama wa watoto watatu, sote tulimwita Mathe. Alivaa sketi ndefu na soksi hata kwa jua la Januari. Majirani walimwambia amerogwa, akamaliza pesa kwa waganga kabla daktari amwambie ni mishipa. Aliomba stuli, kitu ya kukalia tu wakati hakuna kastoma. Bosi alimwambia, "Mama, kama umechoka kuna wengine wanataka hii kazi." Mwezi uliofuata hakuwa pale.

Na wala hakuomba fadhili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hapa Kenya inataka mwenye kazi aweke pahali pa kukaa, kama kazi inaruhusu mtu kukaa bila kuharibika. Kule India, jimbo la Kerala liliandika haki ya kukaa kwa sheria ya maduka mwaka wa 2018, na Tamil Nadu wakafuata 2021. Maduka yao bado yanauza.

Kama uko kwa hiyo job leo: usisimame kama mlingoti. Tembea hata hatua kumi, inuka kwa vidole vya miguu halafu ushuke, rudia. Usiku lala miguu ikiwa juu ya mto. Kuna soksi maalum za kubana, lakini uliza daktari kwanza kwa sababu si kila mguu unazifaa. Matibabu pia yapo: sindano, leza, ama upasuaji.

Lakini mazoezi si jibu la bosi mchoyo. Stuli moja ya plastiki haiwezi kufunga biashara ya mtu. Na sisi makastoma tuache kufikiria mtu akikaa ametudharau.

Kwa kazi yako kuna kiti? Niambieni hapa chini, bila kutaja jina la duka, msije mkafutwa.