Mwaka wa Kwanza wa Githunguri

Kila mwaka unapokwisha huletwa nyumbani kwangu taarifa za shule za watu binafsi, maana wazazi wa kanisa letu hupenda mwalimu wa wakatekumeni awasaidie kuchagua mahali pa kuwapeleka watoto. Taarifa hizo hupigwa chapa kwenye karatasi ya kung'aa. Ndani yake mna picha za vikombe, hesabu ya wavulana na wasichana waliofaulu, basi jipya, na mgeni mkubwa akikata utepe. Mimi sizidharau. Mtoto aliyeshinda na apewe sifa yake, na mwalimu aliyekesha naye pia. Lakini nizisomapo, fikira zangu huenda kwenye shule nyingine ya hapa hapa Kiambu, ambayo sisi watu wa misheni hatukuzoea kuitaja kwa wema. Shule hiyo ni Githunguri, iliyofunguliwa Januari 1939. Nataka kuuandika mwaka wake wa kwanza, pamoja na yale yaliyotoka katika mwaka huo, kwa kuwa watoto wetu hufundishwa habari zake kwa mistari miwili tu, kisha kitabu hufungwa.

Mwanzo wake ni ugomvi, na haifai kuuficha. Mwaka 1929 misheni kadhaa za nchi ya Wakikuyu, kama ile ya Scotland na ile ya Africa Inland, ziliwataka walimu na wazee wa kanisa waikatae tohara ya wasichana. Aliyekubali alitia alama ya dole gumba katika karatasi, na alama hiyo ikaitwa kirore. Aliyekataa alitoka, akaacha kazi ya kufundisha, naye mtoto wake akaacha dawati. Watu wengi sana walitoka kwa majuma machache. Makanisa yakabaki na viti vitupu. Usiku vijana waliimba Muthirigu, nyimbo za kuwatukana wamisionari na waliobaki nao, hata serikali ikazipiga marufuku mwaka 1930.

Babu yangu alitia dole lake. Nyanya yangu, ambaye wakati ule alikuwa msichana bado, alibaki pia, kwa kuwa baba yake alibaki. Lakini dada yake mkubwa alikuwa amekwisha kuolewa katika nyumba ya watu waliokataa, akatoka pamoja na mumewe. Ndugu hao wawili waliotoka tumbo moja wakakaa miaka wasile chungu kimoja. Wakikutana njiani kuendea mto walisalimiana kama watu wa kijiji cha mbali, kila mtu akashika njia yake na mtungi wake.

Kwa habari ya tohara yenyewe, wamisionari walisema kweli, nami sitapunguza neno hapo. Ukeketaji humwumiza msichana, humharibia uzazi, na wengine umewaua. Sheria ya Kenya ya 2011 imeukataza kabisa, na mwalimu Mkristo asiyeufundisha ubaya wake ameacha kazi yake. Lakini kweli ile ilifungwa pamoja na mlango wa shule. Mzazi aliambiwa atie dole ndipo mwanawe asome. Watu walioipenda elimu kuliko kitu cho chote walichokipata kwa Wazungu wakaona inatumika kama chambo. Basi hasira yao ikawa na miguu miwili, mmoja wa mila na mmoja wa kiburi kilichojeruhiwa, nasi tulijibu ule wa mila peke yake.

Wale waliotoka hawakukaa kulia. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 waliunda vyama viwili vya shule, kimoja kikaitwa chama cha shule huru za Kikuyu, cha pili kikaitwa Karing'a. Walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa nyasi, wakatafuta walimu miongoni mwa wale waliopoteza kazi kwetu. Hata Injili hawakuiacha. Walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja mwaka 1935, akawafundisha vijana wao, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawawekea mikono. Nalitaja hilo kwa sababu wako wasomaji wanaodhani kuwa waliokataa kirore walirudi kuabudu chini ya mugumo wote pia. Sivyo ilivyokuwa.

Upungufu wao mkubwa ulikuwa walimu. Jengo la udongo husimama kwa mwezi mmoja, bali mwalimu hutaka miaka. Ndipo aliporudi Mbiyu Koinange, mwana wa chifu mkuu Koinange wa Mbiyu. Alikuwa ameondoka nchini mwaka 1927 kwenda Marekani, akasoma Hampton katika Virginia, kisha Ohio Wesleyan, kisha chuo cha ualimu cha Columbia huko New York. Alirudi mwaka 1938 mwenye shahada ambayo Wazungu wengi waliomtawala hawakuwa nayo. Wazee wa shule huru walimwendea wakamweleza haja yao. Wangeweza kumwomba awaandikie barua kwa serikali, kama ilivyokuwa desturi ya kumtumia msomi. Wao walimwomba chuo. Hivyo Januari 1939 kikafunguliwa Githunguri chuo cha walimu cha Waafrika wa Kenya, naye Mbiyu akawa mkuu wake.

Sasa fikirini mwaka huo. Serikali haikutoa fedha. Misheni zilitazama kwa mbali, nyingine zikitumaini kwamba jambo lile litaanguka lenyewe. Mnamo Septemba vita vikaanza Ulaya. Nayo jina ni chuo cha walimu, lakini wanafunzi walikuja na elimu ya viwango mbalimbali, hata ikabidi kufundisha madarasa ya chini na ya juu mahali pamoja. Mwalimu ye yote asomaye haya aliyewahi kushika madarasa matatu katika chumba kimoja anaijua taabu hiyo, wala sina haja ya kumweleza.

Fedha zilipatikana kwa njia ambayo nadhani ndiyo sifa kubwa ya mwaka ule na ya miaka iliyofuata. Wakikuyu huhesabu watu kwa marika, yaani wale waliotahiriwa msimu mmoja huwa rika moja lenye jina lake, nao husaidiana mpaka kufa. Basi marika yakaitwa kuchanga, na rika moja likashindana na jingine. Mzee asiyejua kusoma alitoa mbuzi ili rika lake lisiaibishwe na rika la vijana. Angalieni hekima ya jambo hili. Mila ile ile iliyoleta ugomvi wa 1929 ndiyo iliyotiwa nira ikalima shamba la shule. Sijasoma katika taarifa za karatasi ya kung'aa jambo linalolingana na hilo, maana siku hizi mzazi huletewa hesabu ya ada, akalipa au akashindwa, basi.

Wasichana nao waliingia. Walikuwa wachache kuliko wavulana, lakini walikaa chini ya paa moja nao, wakafundishwa hesabu ile ile na Kiingereza kile kile. Nchini mwetu jambo hilo halikuwa dogo. Shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya wavulana. Ile ya wasichana wa Kiafrika pale Kikuyu haikufunguliwa mpaka 1948. Na ajabu yake hunijia kila mara: shule zilizozaliwa katika ugomvi juu ya mwili wa msichana, ambamo wanaume wa pande zote mbili walisema sana na wasichana wenyewe hawakuulizwa, ndizo zilizompa msichana nafasi ya kunyosha mkono darasani na kujibu.

Wasichana waliotoka mbali walihitaji pa kulala. Habari za nyumba yao ya kulala Mbiyu Koinange mwenyewe aliziandika katika kitabu chake kilichotolewa Detroit mwaka 1955, nami nalizisikia kwanza kwa nyanya. Katika miaka ya 1940 wanawake wa Kiambu waliona ya kuwa wamechanga pamoja na waume zao kwa ajili ya majengo, na binti zao bado wamelala vibaya. Wakasema hawatangoja tena. Wakaunda chama chao, wakachagua viongozi wanawake, wakashika daftari na fedha wao wenyewe, wakaazimu kuwajengea wasichana nyumba ya mawe. Wengi wao hawakujua kusoma hata jina lao.

Siku moja ya soko dada ya nyanya alimjia, akasimama mbele ya njahi alizokuwa akiuza. Miaka ilikuwa mingi tangu waseme maneno zaidi ya salamu. Hakutaja kirore wala kanisa. Alimwambia, "Tunajenga nyumba ya watoto wa kike. Wewe nawe unao watoto wa kike." Nyanya alihesabu shilingi tano kutoka kwenye kitambaa, akazitia chini ya njahi katika kiondo cha dada yake, kana kwamba amemwuzia. Shilingi tano zilikuwa fedha nyingi kwa mwanamke wa shamba, na mume wake alikuwa mzee wa kanisa katika misheni iliyowahesabu watu wa Githunguri kuwa waasi.

Babu alipata habari, kwa kuwa soko halina siri. Nyanya alisema alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, akinywa uji wake, aliuliza, "Nyumba ile imefika kwenye paa?" Hakuongeza neno, wala hakuuliza tena. Nimewahi kuwahadithia habari hii wazee wa kanisa wa siku hizi, na mmoja akasema babu alikuwa dhaifu nyumbani mwake. Mimi nimeongoza mafundisho ya ndoa miaka kumi na sita, nami sioni udhaifu hapo.

Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na shule, akawa mkuu wake mwaka 1947 Mbiyu alipokwenda ng'ambo. Tangu hapo Githunguri ikawa shule na jukwaa pamoja, na walio madarakani wakaitazama kwa jicho jingine. Ukweli ni kwamba fedha zilipungua mara kwa mara, na walimu hawakutosha kamwe. Sisemi ilikuwa shule isiyo na ila. Mtu akinionyesha mwaka wa shule usio na ila, nitamwomba anionyeshe na daftari ya fedha.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Githunguri ikafungwa, na shule nyingine huru za Wakikuyu zikafungwa au zikatwaliwa. Mahali palipofundishwa walimu pakawekwa mahakama na kitanzi, na watu walinyongwa hapo. Misheni yetu haikuinua sauti. Baadhi ya watoto wa shule zile walipokewa katika shule zetu baadaye, na wengi hawakupata pa kwenda. Wako waliosema wakati huo kwamba Mungu amewahukumu waliokataa. Sijui ni nani aliyewapa walimu wetu ruhusa ya kusema hivyo mbele ya watoto walionyang'anywa madawati yao, lakini yalisemwa, na waliosikia wengine wangali hai katika sharika zetu. Ndiyo sababu naandika katika gazeti hili la nyumba zetu, nisiandike mahali pengine. Mwaka wa 1939 ulikuwa mwaka wa ndugu zetu, nasi hatukuwapongeza.

Binti wa dada ya nyanya, ambaye namwita shangazi, alilala katika nyumba ile ya wasichana. Shule ilipofungwa alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuketi tena darasani. Alichimba handaki kwa amri pamoja na wanawake wengine, akahamishiwa kijiji cha lazima, akaolewa, akazaa. Baada ya uhuru, wakulima wenzake walipotafuta mtu wa kuandika maziwa ya alfajiri, walimtafuta yeye, naye aliandika miaka mingi, kila mfugaji na kipimo chake, akijumlisha mwisho wa mwezi bila mashine.

Mwaka 2016 nilimtembelea nikamwuliza habari za Githunguri. Nilitazamia anieleze juu ya Kenyatta, maana wageni wote humwuliza hilo. Alinieleza kidogo, kwa adabu. Kisha akauliza kama naweza kumpatia kalamu, akaniandikia pembeni mwa gazeti hesabu ya sehemu iliyotoka katika mtihani wao wa mwisho, ambamo mvulana mmoja alimshinda kwa alama mbili. Akaifanya tena mbele yangu, polepole, mstari kwa mstari, akaniambia niangalie mwenyewe mahali mwalimu alipomkosesha.