Programu Uliyolipia, Je, ni Mali Yako?



Sote tunaijua orodha ya mali ya mwanafunzi wa ughaibuni: koti zito la baridi, godoro la kurithi kwa mwenzako aliyemaliza masomo, sufuria moja ya ugali, na laptopu. Katika vyote hivyo, laptopu ndiyo tunayoitunza kama mboni ya jicho. Humo mna tasnifu, picha za nyumbani, barua za kuomba kazi. Lakini hebu tuulizane leo: ndani ya laptopu hiyo, ni kipi hasa kilicho chako? Mimi majira ya baridi yaliyopita nililazimika kulitafuta jibu kwa haraka, nikiwa nimebakiwa na siku tisa kabla ya kukutana na kamati yangu ya tasnifu.

Nasoma uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kazi yangu ni kukokotoa jinsi daraja la zege linavyobeba mizigo mwaka hadi mwaka. Programu ya kukokotoa ipo chuoni, ila leseni ya chuo ina viti vya kuhesabika. Watu wakijaa, unangoja mmoja atoke. Sasa kungoja kiti usiku wa Desemba, halafu uanze safari ya kurudi Bloomington kwa treni, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, si mchezo jamani. Basi nikadunduliza posho yangu, nikanunua leseni ya mwanafunzi, ya kwangu binafsi. Risiti ninayo hadi leo. Masharti yalisema wazi kwamba naruhusiwa kuiamilisha programu hiyo mara tatu.

Kuamilisha, kwa asiyelijua neno hili, ni ile hatua ya programu kupiga hodi kwa kampuni kupitia intaneti na kusema: "Niko kwa fulani, kwenye mashine fulani, nifungulie." Kampuni ikikubali, inaandika alama moja kwenye daftari lake. Alama zikifika kikomo, mlango haufunguki tena.

Laptopu yangu diski ilianza kufa polepole. Kuna waliowahi kuuguza diski, wanajua. Leo inawaka, kesho inagoma, keshokutwa mafaili yanasomeka nusu. Fundi akaniambia tuifomati tupige Windows upya. Tukapiga. Baada ya wiki tatu ugonjwa ukarudi, tukapiga tena. Mara ya mwisho diski ikakata roho kabisa, nikanunua mpya. Nikahesabu: kuiweka mara ya kwanza ni moja, baada ya fomati ya kwanza ni mbili, baada ya fomati ya pili ni tatu. Diski mpya ilipoingia, programu ikanijibu kwa mstari mmoja tu kwamba nimefikia kikomo.

Ajabu ni kwamba Windows yenyewe ilirudi bila kuuliza chochote. Hapa panafaa kuelezwa, maana wengi huchanganya. Microsoft ilianza kuamilisha Windows kwa watumiaji wa kawaida na Windows XP, mwaka 2001. Ulipewa siku 30, ukipita hapo bila kuamilisha unafungiwa. Asiyekuwa na intaneti alipiga simu, akasoma namba yenye tarakimu 50, naye akasomewa tarakimu 42 za kujibu. Kaka zetu waliosoma miaka ile wanakumbuka kukaa na kalamu sikioni, wakiomba Mungu wasikosee tarakimu moja. Lakini XP iliitambua mashine kwa kuangalia vipande kumi vya ndani yake kwa pamoja, kwa hiyo kuirudisha kwenye mashine ileile hakukuwa kosa. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 mambo yamekuwa rahisi zaidi: alama ya mashine yako inahifadhiwa kwa kampuni, na uzito mkubwa uko kwenye ubao mama. Ubao ukiwa uleule, fomati hata mara kumi, Windows itakutambua.

Programu nyingine hazina macho hayo. Baadhi huitambua kompyuta kwa namba ya diski, ile ambayo mfumo huiandika wakati wa kufomati. Kila ukifomati, namba inabadilika. Kwa hiyo kwenye daftari la kampuni mimi sikuwa mtu mmoja mwenye laptopu mbovu. Nilikuwa mtu mwenye kompyuta tatu, anayetaka kuongeza ya nne.

Mtasema, si kuna kitufe cha kurudisha leseni kabla ya kufomati? Kipo, na ni kizuri. Unakibonyeza, alama moja inafutwa daftarini. Shida ni kwamba kitufe hicho kinakaa ndani ya programu, na programu iko ndani ya kompyuta ambayo haiwaki. Waliokibuni walifikiri kompyuta hufa kwa kuaga.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, sina la kumlaumu. Akaniuliza kwa nini nina kompyuta tatu. Nikamwambia ni moja, ileile, ina stika ya bendera ya Tanzania kwenye kifuniko. Akasema anaamini, ila mbele yake pameandikwa tatu. Akataka risiti, akataka kitambulisho cha uanafunzi, akataka maelezo ya fundi. Nikatuma vyote. Baada ya siku mbili ikaja baruapepe: wameniongezea mara moja, kwa hisani, na isitarajiwe tena.

Neno hilo hisani ndilo lililonikaa kooni. Kitu nimekilipia kwa pesa halali, halafu nakirudishiwa kama sadaka.

Siku zile mbili za kungoja nilimsimulia mdogo wangu, ambaye naye anasoma uhandisi Dar es Salaam. Akacheka sana kwenye simu.

"Shikamoo braza, lakini ngoja nikuulize," akasema. "Wewe umelipa, umefungiwa. Mimi sijalipa, usiku huu nakokotoa. Sasa mjanja nani?"

Programu anayotumia ni hiyohiyo yangu, iliyokrekiwa, aliwekewa na fundi wa Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana. Haimwulizi risiti. Haimhesabu. Akifomati mara ishirini itarudi.

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Najua kwa nini yuko alipo. Bei ya mwanafunzi ninayopata mimi hutaka kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, na chuo kilicho kwenye orodha ya kampuni. Laiti angenunua na kufikia kikomo kama mimi, angepiga simu namba ya bure ya Marekani ambayo kutoka Dar mara nyingi haishikiki, tena kwa saa za kazi za huku, ambazo kwake ni usiku. Kikomo kilekile cha mara tatu ni kizito zaidi kwa mtu mwenye mashine ya mtumba na umeme wa kukatika kuliko kwa mwenye mashine mpya. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Hata hivyo nilimwambia hivi. Sheria ipo: Tanzania inalinda programu za kompyuta katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Lakini tuiache sheria kando. Ili programu ile ifanye kazi, fundi alimzimia kinga ya virusi na kumwekea faili lililotengenezwa na mtu asiyejulikana. Mtu huyo amegusa programu inayotoa namba ambazo kesho mhandisi atazitia sahihi. Kama namba moja ni mbovu, utamwuliza nani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo sawa. Ila na mimi nitaipata wapi ya halali?" Swali hilo ni la haki, nami narudi kwake hapa chini.

Jambo la kufikirisha ni kwamba habari hii ina mzizi wake hapahapa Bloomington. Ukipanda treni ya Blue Line kutoka Mall of America kwenda mjini, unapita stesheni ya Bloomington Central. Maeneo yale palikuwa na makao makuu ya Control Data, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, na ambayo mwaka 1964 ilitoa kompyuta iitwayo CDC 6600, kazi ya Seymour Cray, iliyokuwa na kasi kuliko zote duniani wakati wake. Miaka ile programu haikuwa na bei yake. Ulinunua au kukodi mashine, programu zikaja humohumo, kama kikapu kinavyokuja na vitunguu. Desemba 1968 Control Data iliishitaki IBM kwa kuhodhi soko, na Januari 1969 serikali ya Marekani nayo ikafungua kesi. Juni 1969 IBM ikatangaza kwamba itaanza kutoza bei ya programu peke yake, mbali na mashine. Wanahistoria wa kompyuta hubishana kuhusu uzito wa kila sababu, lakini kesi hizo zilikuwa mlangoni.

Tangu hapo programu ikawa bidhaa, tena bidhaa ya ajabu. Ukiuza gunia la mahindi, limetoka ghalani. Ukiuza programu, bado unayo, na aliyenunua anaweza kuwagawia watu mia bila yeye kupungukiwa. Ndiyo maana muuzaji alitafuta kufuli. Siwalaumu kwa kutafuta kufuli, watu wanakula kwa kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba kwa kufuli hilo hukuuziwa kitu. Uliuziwa ruhusa, na anayeihesabu ruhusa hiyo ni mwingine. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kuna wakati anayehesabu anafunga daftari kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Adobe ilikuwa imezima seva ya kuamilisha CS2, toleo la zamani la programu zake, na ikabidi iwape waliolinunua matoleo yasiyohitaji kuamilishwa. Na kuna wakati kelele husaidia. Mwaka 2008 mchezo wa kompyuta uitwao Spore ulitoka na kikomo cha mara tatu. Wanunuzi wakapiga kelele, kikapandishwa hadi tano. Ikiwa wacheza michezo waliweza, sisi wa tasnifu tunashindwaje?

Sasa mnisikilize, maana jambo hili linatugusa wengi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi tulizonazo hazipokei Windows 11. Wengi wanafomati, wanahama, wanapeleka mashine nyumbani kwa wadogo zao.

Kwanza, kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: naruhusiwa kuamilisha mara ngapi, na mashine ikifa ghafla alama inarudishwaje. Pili, bonyeza kitufe cha kurudisha leseni wakati kompyuta bado ina uhai, hasa kabla ya kuituma nyumbani. Windows iliyokuja na mashine itasafiri nayo, programu zako nyingine huenda zisisafiri. Tatu, ukishaamilisha, tengeneza nakala ya diski nzima kwenye diski ya nje. Ukiirudisha nakala hiyo kwenye mashine ileile, mara nyingi programu haitajua kama kuna lililotokea. Nne, risiti na namba ya leseni zikae nje ya kompyuta, hata kwenye daftari la karatasi.

Tano, na hili ndilo lililoniokoa: kazi yako isikae yote ndani ya faili ambalo programu moja tu inaweza kulifungua. Vipimo vya daraja langu na mizigo yake nilikuwa nimeviandika pia kwenye faili la maandishi matupu. Siku mbili za kungoja hisani nilizitumia kuijenga upya sehemu ya hesabu kwenye OpenSees, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo hutolewa bure kwa utafiti. Ilikuwa kazi ngumu, haina vitufe vya kupendeza. Lakini majibu yalilingana na ya awali, na nilikwenda mbele ya kamati nikiwa na njia mbili za kuthibitisha namba zilezile.

Hilo pia ndilo jibu nililompa mdogo wangu. Nilimtumia OpenSees pamoja na mafaili yangu, na wa maji nawaambia EPANET ya serikali ya Marekani ni bure vilevile. Haya si mageni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu. Mdogo wangu bado hajaifuta ile ya Kariakoo, sitawadanganya. Ila juzi amenipigia kuniuliza kwa nini jibu lake la OpenSees na la ile nyingine yanatofautiana, na tunaitafuta sababu pamoja, kila Jumamosi, saa mbili asubuhi ya huku.

Ombi langu kwa chama chetu ni moja. Muhula ujao tuwaandikie wanaonunua leseni za chuo, tuulize kuhusu viti na kuhusu vikomo, kwa majina yetu sote. Mwenye mkasa kama wangu auandike, aulete kwa mhariri. Kazi kwenu.