Nodi Tupu

Ukitaka kumfundisha mtu OWL, lugha ya kuandikia ontolojia iliyopitishwa na W3C mwaka 2004, unamwanzishia piza. Si utani. Chuo Kikuu cha Manchester kilitunga ontolojia nzima ya piza kwa ajili ya mafunzo, na wengi wetu tuliijua Margherita kwa mantiki kabla ya kuijua kwa mdomo.

Kinachomchanganya mwanafunzi kwanza ni kuuliza. Data ya wavuti wa maana hukaa kama sentensi fupi: kiima, kiarifu, yambwa. Unaandika swali lako kwa SPARQL, Margherita imewekwa nini juu yake, na jibu linarudi tupu. Programu haijakosea. Margherita si piza iliyo mezani. Ni klasi, na klasi haimwagiwi jibini. Kilichoandikwa ni kwamba Margherita ni aina ya klasi nyingine isiyo na jina, klasi ya vitu vyote vyenye angalau mozzarella kiasi juu yake. Hilo huitwa sharti. Ndani ya grafu, sharti hukaa kwenye nodi tupu. Haina jina wala anwani, ina nyuzi tu: mmoja unaonyesha uhusiano unaozungumziwa, mwingine klasi inayoujaza. Ili uipate mozzarella, swali lako lipande kutoka Margherita hadi kwenye nodi tupu, kisha lishuke kwa nyuzi zote mbili. Ukizoea, vidole vinaandika vyenyewe.

Baada ya piza nilihamia kwenye familia. Niliandika sharti moja: kila mtu ana baba ambaye ni mwanamume. Kisha nikaingiza watu. Nyanya, mama, wajomba wawili, mimi. Upande wa baba sikuwa na cha kuingiza. Cheti changu cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, kina herufi X mstari mzima. Ndivyo Kenya ilivyowaandikia watoto ambao wazazi wao hawakuoana, hadi Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua mwaka 2016 kwamba kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilikiuka katiba. Kila karani niliyempelekea cheti hicho alizisoma X zile kwa namna moja: hakuna.

Nikawasha programu ya kuhitimisha na kuuliza: baba yangu ni nani? Hakuna hata safu moja iliyorudi. Nikauliza kwa njia nyingine: je, mimi ni miongoni mwa vitu vyenye baba ambaye ni mwanamume? Ndiyo.

Nilikaa na majibu hayo mawili jioni nzima. Swali la nani hujibiwa kwa vitu vilivyotajwa kwa jina tu. Swali la yupo au hayupo hujibiwa na sharti. Tena, kwa kuwa mwanamume ni mtu, naye huyo asiye na jina ana baba, na baba yake ana baba, ukoo mzima unarudi nyuma bila kikomo, mpaka programu inapoona sura inajirudia na kuacha kufuata.

Kwa OWL, kisichoandikwa hakijulikani tu, hakijakanushwa. Watu wa hifadhidata hulalamikia jambo hili, na wana haki. Usipoongeza sharti la kufunga orodha, programu haitakubali kwamba Margherita haina nyama, maana huenda ipo na hakuna aliyeitaja. Kwa muuza piza ni usumbufu mtupu. Mimi sikuona usumbufu.

Nikajaribu kuandika zile X kama makarani walivyozisoma: mtu huyu, idadi ya baba, 0. Programu ilikataa ontolojia yote. Si mstari wangu peke yake. Nyanya na wajomba hawakujibika tena, kwa sababu mkinzano mmoja ukiingia, chochote kinaweza kuhitimishwa. Nikaufuta mstari huo, wakarudi.

Mama alipita na kikombe chake cha chai, nikamwonyesha ile "ndiyo". Akaisoma, akanitazama.

"Mwanangu, miaka minne ya karo ndiyo imeambiwa hivyo na kompyuta?"

Kisha akavuta kiti, akaniuliza kama kuna mahali pa kuandika jina.