Ndege akiwa na jua mgongoni: nilichojifunza kwenye shamba la mtama Maisaka

Wiki hii sizungumzii mbolea wala mbegu. Nazungumzia picha. Najua utasema bwana shamba sasa amefungua studio, lakini vumilia kidogo. Picha mbaya ilichangia hasara kwenye shamba la mtu hapa Maisaka, na aliyepiga picha hiyo ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka juzi. Mama mmoja jirani yangu alikuwa amepanda mtama nusu eka, na punje zilikuwa bado kwenye maziwa. Alinipigia simu alfajiri: "Bwana shamba, ndege wameingia. Njoo uwaone mwenyewe." Nikapanda bodaboda. Nilipofika jua lilikuwa ndiyo linachomoza upande wa Mlima Kwaraa, na ndege wamejaa kwenye masuke na kwenye mgunga ulioko mpakani mwa shamba. Nikatoa simu, nikapiga picha nane harakaharaka kabla hawajaruka.

"Ni kwelea kwelea?" mama akaniuliza.

"Nadhani, mama."

Nikamtumia mtaalamu mmoja wa wadudu na ndege waharibifu zile picha kwa WhatsApp. Jibu lilikuja mchana: "Naona vivuli tu. Tuma inayoonyesha kichwa na mdomo." Nilizikuza, na kweli, kila ndege alikuwa kama kipande cha mkaa juu ya shuka jeupe. Kesho yake nikarudi saa ileile, nikasimama palepale, nikapata mkaa uleule. Siku ya tatu hivyohivyo. Wakati huo wote mama alikuwa peke yake juu ya dungu, anaamia ndege kwa kelele na kombeo tangu alfajiri mpaka jioni, na mimi nikimwambia asubiri jibu.

Alitarajia gunia tatu. Alivuna moja na madebe mawili. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nawe umewaona weusi kama mimi." Mpaka leo sijui wale walikuwa ndege gani.

Kwa nini mdomo wa ndege una maana

Kwelea kwelea ni ndege mdogo, lakini hali peke yake. Mmoja anakula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 100,000 linaweza kula tani moja kwa siku moja. Kundi la namna hiyo halifukuzwi na mama mmoja mwenye kombeo. Linatakiwa kuripotiwa kwa afisa ugani, kisha ofisi ya kilimo ya halmashauri, mpaka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) yenye makao makuu Arusha, ili watu watafute mahali ndege wanapolala na kupanga udhibiti.

Lakini dawa ya kwelea ni sumu. Haichagui ndege. Sisi tunaishi karibu na Ziwa Babati, watu wanavua samaki na mifugo inakunywa maji. Huwezi kuita dawa kwa neno "nadhani".

Sasa, ndege wengi wadogo wa shambani wanafanana kwa mbali. Dume la kwelea lina mdomo mwekundu mnene, na wakati wa kuzaliana uso wake mara nyingi huwa mweusi. Jike naye ana mdomo mwekundu, ila wakati wa kuzaliana mdomo wake hugeuka manjano. Ndiyo maana usitegemee picha ya ndege mmoja, piga kadhaa. Mnana ni mwingine kabisa: dume lake lina mwili wa manjano na mdomo mweusi. Tofauti yote iko kwenye rangi, na rangi ndiyo kitu cha kwanza kupotea jua likiwa nyuma ya ndege.

Kamera haijui unachotaka

Baada ya msimu ule nilinunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu ya milimita 300. Nilidhani kamera kubwa itamaliza tatizo. Nikaenda nayo pembeni mwa ziwa, nikapiga ndege juu ya matete, wakatoka weusi vilevile, safari hii weusi wa gharama kubwa.

Nikampelekea kijana mmoja anayepiga picha za pasipoti mjini. Alicheka kwanza. Kisha akanisimamisha mlangoni kwake, mgongo wangu kwenye mwanga wa barabara, akanipiga. Uso wangu ukatoka mweusi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Bwana shamba, kamera haikujui wewe wala ndege. Inapima mwanga wote uliomo ndani ya picha, inatafuta wa kati. Ukiiletea anga jeupe tupu, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Anga linatoka zuri, ndege anakufa."

Hapo nikaelewa kosa langu. Kamera ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ila ilikuwa inalipigia picha anga. Ilikuwa juu yangu kuiambia kwamba mimi nataka ndege.

Vitu vitatu vinavyoleta mwanga

Alinifundisha vitu vitatu. Nitakueleza kwa lugha yetu ya shamba.

Cha kwanza ni tundu la lenzi. Fikiria mlango wa mfereji kule Magugu kwenye mashamba ya mpunga. Ukiufungua sana, maji mengi yanaingia. Kwenye kamera tundu linaandikwa kwa namba, na hapa wengi tunachanganyikiwa: namba ndogo ni tundu kubwa. 5.6 inaingiza mwanga mwingi kuliko 11.

Cha pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mlango unabaki wazi. Zamu ndefu, maji mengi. 1/500 ya sekunde inaingiza mwanga mara nne ya 1/2000. Lakini ndege hatulii. Ukiacha mlango wazi muda mrefu, akitikisa kichwa tu, picha inakuwa na ukungu.

Cha tatu ni ISO. Hii haiongezi mwanga unaoingia. Ni kama redio ya kijijini inayoshika stesheni ya mbali: ukiongeza sauti utamsikia mtangazaji, lakini na mikwaruzo nayo inaongezeka. ISO ikipanda, picha inang'aa zaidi, na chengachenga zinajitokeza.

Ukibadilisha kimoja, angalia na vingine. Mwenye mfereji anajua: akifungua mlango nusu, anaomba zamu ndefu zaidi.

Kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa

Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya + na −. Hicho ndicho kilichoniokoa. Ukiweka +1, unaiambia kamera iongeze mwangaza mara mbili ya ule iliouchagua. Ukiweka +2, mara nne. Kwa ndege aliye mbele ya anga jeupe, mimi naanza na +1, natazama picha, nikiona kichwa bado ni giza naenda +2.

Nikupe mfano wa asubuhi moja. Kamera peke yake ilichagua tundu 5.6, kasi 1/2000, ISO 400. Ndege alitoka mweusi. Nilipoweka +2, ilishusha kasi mpaka 1/500. Kwa ndege aliyetulia kwenye suke, 1/500 ilinitosha. Kwa wanaoruka haikutosha, wakatoka na ukungu. Nikarudisha kasi 1/2000, nikapandisha ISO kutoka 400 mpaka 1600. Mwangaza ukawa uleule wa +2, chengachenga zikaongezeka kidogo, lakini mdomo ulionekana.

Na anga? Anga liliungua, likawa jeupe tupu kama karatasi. Mwanzoni iliniuma, kwa sababu nilizoea kuona picha nzuri ni ile yenye mawingu. Lakini hakuna aliyeniomba mawingu. Jua likiwa nyuma, lazima uchague unachopoteza. Mimi siku zile tatu nilikuwa nimepoteza ndege ili nibaki na anga, na sikujua kwamba nimechagua.

Kabla ya kugusa kitufe, tembea

Kuna somo moja la bure ambalo lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Zunguka shamba. Asubuhi jua letu linatoka Kwaraa, mashariki. Ukisimama magharibi mwa shamba ukitazama mashariki, kila ndege atakuwa mweusi. Ukizunguka ukasimama mashariki, jua likawa mgongoni kwako, rangi zote zinajitokeza bila kubonyeza chochote. Zunguka kwa mbali na polepole, maana ndege anakuona. Kama huwezi kuzunguka kwa sababu ya korongo au shamba la mtu, rudi jioni, jua likiwa limehamia upande wa pili.

Mimi siku tatu mfululizo nilisimama palepale, saa ileile. Hatua mia mbili zingenitosha.

Mwaka jana

Mwezi wa tano wa mwaka jana simu ililia tena. Mama yuleyule, mtama uleule, mgunga uleule. Safari hii nilizunguka. Nyumba ya jirani ilinizuia nusu ya njia, kwa hiyo jua lilinipiga kwa pembeni. Nikaweka +1, kisha +2. Nikapiga kama thelathini, nikakaa chini ya mbaazi nikazitazama moja moja.

Mama alishuka kwenye dungu akaja kuchungulia. "Kumbe ni wa manjano!" Walikuwa minana. Mdomo mweusi, kifua cha manjano, wazi kabisa. Nilituma, na jibu likaja kabla ya saa nne: si kwelea, hakuna haja ya dawa.

Nisikudanganye kwamba picha ilijaza gunia. Minana nao wanakula. Lakini tulijua tunapambana na nani. Halikuwa kundi la maelfu, kwa hiyo kuamia kulikuwa na maana. Wajukuu wake wawili walipokezana naye dunguni alfajiri na jioni, saa ambazo ndege wanakula zaidi, na masuke yaliyokomaa mapema tulianza kuyakata bila kusubiri shamba zima. Alipata gunia mbili na nusu. Na hakuna aliyekaa siku tatu akisubiri jibu la mkaa.

Kama huna kamera

Wengi wetu tuna simu tu, na simu inatosha ukiwa karibu. Fanya hivi:

1. Simama jua likiwa mgongoni kwako au pembeni. Hili kwanza.
2. Gusa kioo palepale alipo ndege, si kwenye anga. Simu nyingi zitapima mwanga wa pale ulipogusa.
3. Ukiona alama ya jua dogo pembeni ya ulipogusa, itelezeshe kuongeza mwangaza mpaka kichwa kionekane. Anga likiwa jeupe, liache.
4. Usikuze sana kwa vidole, rangi zinavurugika. Sogea.
5. Piga ndege kadhaa, pamoja na mti wanaolala kama unaujua.
6. Tazama picha kabla hujaondoka shambani. Kama wewe huoni mdomo, na mtaalamu hatauona.

Nawe mfanyabiashara unayetangaza kuku kwenye magrupu, hili ni lako pia. Ukimpiga jogoo akiwa mlangoni na mwanga uko nje nyuma yake, mteja ataona kivuli chenye kishungi. Mtoe nje, mgeuze aelekee mwanga, ndipo mtu aone manyoya na macho, ajue kuku ni mzima. Mahindi na maharage ni hivyohivyo: usiyapige ukiwa umeelekea dirisha.

Ndege wakiingia shambani kwako, usisubiri uwe fundi wa picha ndipo utoe taarifa. Piga simu kwanza kwa afisa ugani wako, endelea kuamia, kisha zunguka shamba utafute upande wa jua. Mimi yule mama bado nina deni naye la msimu mmoja. Nalilipa kwa kukuandikia haya.

Tukutane shambani.