Swali Ambalo Sensa Haikuniuliza

Mwezi Agosti 2022 nilihesabiwa Kasanda, kwetu, katika nyanda za juu za Kigoma. Karani wa sensa aliniuliza umri, mahali nilikozaliwa, elimu, kazi, maji tunayokunywa na nishati tunayopikia. Hakuniuliza kabila, wala dini, wala lugha ninayozungumza na mama yangu. Baadaye ikatangazwa kwamba Watanzania tu watu 61,741,120. Hesabu hiyo inamtaja hata mtu wa mwisho, lakini haisemi Waha ni wangapi, Waislamu ni wangapi, wala Wakristo ni wangapi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sensa ya 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, iliuliza kabila na dini; kuanzia ile ya 1978 maswali hayo hayakurudi. Mwaka 2012 baadhi ya taasisi za Kiislamu zilidai swali la dini lirejeshwe, na wapo viongozi waliowataka waumini wasusie kuhesabiwa. Serikali ilikataa. Dai lao halikuwa la kupuuzwa, kwani asiyejulikana idadi yake akipunjwa hana ushahidi. Jirani zetu wa Kenya huuliza yote mawili hadi leo.

Hata hivyo, aishiye Kasanda anaijua hekima ya ukimya huo. Rwanda haiko mbali nasi. Huko Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 neno hilo moja kwenye karatasi likawa hukumu ya kifo vizuizini. Burundi iko karibu zaidi, na waliokimbia vita vyake tumewaona kwa macho yetu katika kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu: Muha husema umuntu na abantu, Mrundi naye vivyo hivyo. Ukiwasikia wawili wakipatana bei ya maharage sokoni, huwezi kuapa nani katoka upande upi wa mpaka. Kwa sababu hiyohiyo, Muha aliyezaliwa hapa husafiri akijua kwamba ulimi wake unaweza kumtilia shaka uraia wake. Mahali kama hapa, swali la kabila halijawahi kuwa swali jepesi.

Lakini lugha naiona kuwa jambo jingine. Fomu ya kabila hutaka jibu moja, na ya dini vilevile. Lugha tatu hukaa katika kinywa kimoja bila kugombana. Wapo Wasukuma waliohamia kwetu na mifugo yao ambao watoto wao hutania kwa Kiha kama wenyeji. Kumuuliza mtoto huyo anasema lugha zipi si kumuuliza damu yake. Najua wapo watakaosema kuwa hiyo ni njia ya kuliingiza kabila kwa mlango wa uani. Nami nasema kuwa mtoto huyo ndiye jibu: lugha yake haikufichui kabila lake.

Gharama ya kutouliza tunaiona sisi wapenzi wa lugha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandaa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotoka 2009, iliwabidi watafute wenyewe makadirio ya wasemaji, kwa kuwa sensa haikuwa na la kuwapa. Lugha isiyohesabiwa hufifia kimyakimya: hakuna takwimu ya kuonyesha kwamba jana ilikuwa na wasemaji wengi kuliko leo.

Tukifuata desturi ya miaka kumi, sensa ijayo ni 2032. Ningependa karani anikute na swali moja jipya: nyumbani mnazungumza lugha zipi? Kabila na dini aniachie mwenyewe. Nitamjibu Kiha na Kiswahili, na zote mbili aziandike.